Watoto Wetu Waijue Serikali Iliyo Mlangoni

Mtoto wa miaka saba akiulizwa jina la Rais wa nchi, hulitaja bila kusita. Akiulizwa jina la mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa anaokaa, mara nyingi hunyamaza na kumtazama mama yake. Na mama naye, pengine, humtazama baba. Hali hii twaiona mijini na mashambani. Wala si kosa la mtoto, kwa maana mtoto hujua yale yanayozungumzwa nyumbani kwao. Ikiwa wakubwa huitaja serikali wakati wa kusikiliza habari za Dodoma na Dar es Salaam tu, mtoto atadhani ya kwamba serikali ni kitu kikaacho mbali, chenye magari na walinzi, nacho hakihusiani na jalala linalonuka nyuma ya nyumba yao.

Leo, basi, twapenda kusema na wazazi wenye watoto wadogo, tangu miaka sita hata kumi na miwili, juu ya namna ya kuwafundisha habari za serikali za mitaa: kitongoji, kijiji, mtaa, kata, halmashauri, na yule mkubwa wa mji aitwaye Meya. Shule hufundisha sehemu yake, nasi twawashukuru walimu. Lakini shuleni mtoto hujifunza majina ya vyeo apate kujibu mtihani. Nyumbani yafaa ajifunze jambo jingine, nalo ni kuuliza maswali manne juu ya kila kazi ya watu wote. Kazi hii ni ya nani? Nani alimpa? Fedha zake zatoka wapi? Naye humjibu nani? Mtoto aliyezoea maswali haya manne tangu utoto hataiogopa ofisi, wala hataidharau.

Faida ya somo hili

Pengine mzazi atasema: Mtoto mdogo ana haja gani na mambo ya halmashauri? Na angoje kwanza afikie miaka 18, apate haki ya kupiga kura. Sisi twajibu kwa maneno ya wahenga: samaki mkunje angali mbichi. Mtu asiyezoezwa kuuliza akiwa na miaka minane, hataanza kuuliza akiwa na arobaini.

Tazameni habari ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Na mkutano mkuu ni nani? Ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na zaidi, wanaume kwa wanawake, maskini kwa tajiri. Hii ni ngao kubwa mikononi mwa mkulima. Lakini ngao haimkingi mtu aliyeiacha nyumbani. Watu wasipohudhuria mkutano, au wakihudhuria bila kujua ya kwamba wana haki ya kukataa, wachache huamua kwa niaba ya wengi, na shamba ambalo wajukuu wangelilima huondoka kwa mhuri na sahihi. Wengi wanaolia baadaye hawakunyimwa haki yao na sheria, hawakuijua tu.

Nchi yetu nzima imekwisha pata somo juu ya jambo hili. Zamani za Wajerumani, maakida na majumbe waliwekwa na wenye nguvu ili wakusanye kodi, na mwananchi hakuwachagua wala hakuwauliza neno. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, walitawala kwa njia ya machifu. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, mamlaka ya machifu yakaondolewa mwaka 1963, na halmashauri zenye madiwani waliochaguliwa zikashika kazi. Ndipo mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Za miji nazo zikafuata. Nia ilikuwa kuyaleta maendeleo karibu na watu, walakini maamuzi yaliangukia mikononi mwa maofisa waliotumwa na serikali kuu. Huduma za miji zilizorota, mifereji ikaziba, takataka zikarundikana. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978; za wilaya zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1984, Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Leo Katiba yenyewe, katika ibara ya 145 na 146, yataka serikali hizi ziwepo, na yaeleza kusudi lake kuwa ni kuwapa wananchi madaraka. Kitu kilichopotea mara moja na kurudishwa kwa shida yatupasa kukitunza, na mlinzi wake wa kesho ndiye mtoto tulaye naye chakula leo.

Anzeni na kile akionacho

Msianze na vyeo. Anzeni na macho ya mtoto. Mshikeni mkono siku mnapokwenda sokoni, mkahesabu njiani vitu ambavyo si mali ya mtu mmoja, bali ni vya wote: barabara, daraja, mfereji, kisima, shule, zahanati, soko, makaburi. Kwa kila kimoja mwulizeni swali la kwanza: Kazi hii ni ya nani?

Hapa mzazi naye hana budi kujifunza, kwa kuwa si kila jambo ni kazi ya halmashauri. Shule ya msingi na zahanati ya serikali, soko, na uzoaji wa takataka, hizo ni kazi zake. Barabara kuu ziunganishazo mikoa husimamiwa na TANROADS, na tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na za mitaa zimekuwa chini ya TARURA. Maji ya vijijini husimamiwa na RUWASA tangu mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watumia maji wenyewe. Miji ina mamlaka zake za maji. Polisi na mahakama ni za taifa, si za diwani.

Mtoto akijua hayo, hujifunza haki. Hatamlaumu diwani kwa kosa la mwingine, wala hatakubali mhusika ajifiche nyuma ya mwenzake. Lakini mwambieni pia ya kwamba diwani, hata pale ambapo kazi si yake, ana kinywa alichopewa na watu wa kata yake. Anaweza kwenda kuuliza kwa niaba yao, na yampasa aende.

Mikono miwili

Ili vyeo visimchanganye mtoto, tumieni mikono yake miwili. Mkono wa kulia uwe wa wale waliochaguliwa kwa kura. Kidole cha kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji. Cha pili ni mwenyekiti wa kijiji. Cha tatu ni diwani wa kata. Cha nne ni mkubwa wa halmashauri, yaani Mwenyekiti au Meya. Mijini, mahali pa kitongoji na kijiji huwa mtaa, wenye mwenyekiti wake.

Mkono wa kushoto uwe wa wale walioajiriwa au kuteuliwa kufanya kazi. Cha kwanza ni mtendaji wa kijiji au wa mtaa; cha pili ni mtendaji wa kata; cha tatu ni mkurugenzi wa halmashauri, ambaye huteuliwa na Rais. Kisha mwambieni mtoto apige makofi. Mkono mmoja peke yake hautoi sauti. Waliochaguliwa wakiamua na watendaji wasitende, hakuna kitu. Watendaji wakitenda bila ya walioamua kuwauliza, fedha za watu zaweza kupotea njiani.

Atauliza hapana shaka: Na Mkuu wa Wilaya, ni kidole kipi? Mjibuni ya kwamba huyo, pamoja na Mkuu wa Mkoa, ni mwakilishi wa serikali kuu. Si kidole katika mikono hii. Nao wasomaji wetu wa Zanzibar watawaeleza watoto wao utaratibu wa kwao, ambako ngazi iliyo karibu na nyumba ni shehia, na sheha wake huteuliwa, hachaguliwi kwa kura. Kila mtoto na aanze na mlango wa nyumbani kwao.

Meya ni nani?

Watoto hupenda vazi. Wakimwona Meya amevaa joho na mkufu mzito shingoni, watu wakimwita Mstahiki Meya, hudhani ya kuwa ni mfalme wa mji. Basi lianzeni somo hapo hapo kwenye mkufu. Mwulizeni mtoto: Mkufu huu ni wa nani? Jibu ni kwamba ni wa mji. Meya huuvaa kwa muda. Akimaliza, huuvua, akavikwa mwingine. Mtoto akilielewa jambo hili moja, amekwisha elewa cheo cha uongozi ni nini.

Kisha mwelezeni jinsi apatikanavyo. Wananchi wa kila kata humchagua diwani wao. Wako pia madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge wa mahali hapo nao ni wajumbe wa baraza. Baraza likikutana, madiwani humchagua mmoja wao kuwa mkubwa wao kwa miaka mitano, na naibu wake kwa mwaka mmoja mmoja. Katika majiji na manispaa mkubwa huyo huitwa Meya; katika halmashauri za wilaya na za miji midogo huitwa Mwenyekiti. Tanzania Bara ina majiji sita: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Mtoto asomaye vitabu vya ng'ambo aelezwe ya kwamba desturi si moja duniani. Watu wa London, mathalani, humchagua Meya wao kwa kura zao wenyewe tangu mwaka 2000. Kwetu humchagua madiwani, na madiwani hao hao wanaweza kumwondoa kwa utaratibu wa sheria.

Na kazi yake? Mfano mzuri ni kamati ya harusi, ambayo hakuna mtoto asiyeijua. Mwenyekiti wa kamati huongoza kikao, humpa kila mtu nafasi ya kusema, huzuia ugomvi, na hutangaza lililokubaliwa. Lakini hazitii fedha za harusi mfukoni mwake, wala haamui peke yake ng'ombe wangapi wachinjwe. Meya naye huongoza baraza la madiwani, ambalo hukutana angalau mara moja katika kila miezi mitatu. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza na msimamizi wa watumishi na matumizi. Meya asemaye "nimejenga barabara" amejipa sifa isiyo yake. Aliyejenga ni mji, kwa fedha za watu.

Tena neno lenyewe "diwani" lina hazina ndani yake. Katika miji ya pwani ya Mrima, tangu zamani, wakubwa wa mji waliitwa madiwani. Na diwani ni pia kitabu cha mashairi ya mtunzi mmoja. Maana hizo mbili zilikutana katika mtu mmoja, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri; baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964. Watoto wapendao mpira hulijua jina lake kwa uwanja wa Arusha. Waambieni ya kwamba jina lile la uwanjani ni la mshairi aliyeuvaa mkufu wa mji.

Punje mia za maharage

Swali la tatu ni la fedha, nalo watoto hulielewa upesi kuliko tudhanivyo. Leteni mezani punje 100 za maharage. Semeni: Hizi ni fedha ambazo halmashauri yetu imekusanya yenyewe, kwa ushuru wa soko, leseni za biashara na ada mbalimbali. Sheria yataka asilimia 10 ya mapato hayo itengwe kwa mikopo isiyo na riba. Mtoto ahesabu punje 10 na kuziweka kando. Nne ni za vikundi vya wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Zilizobaki ni 90. Sasa na agawe yeye mwenyewe: madawati, dawa, gari la takataka, choo cha soko, posho za vikao. Mtoto atagundua mara moja ya kwamba akiongeza huku, hupungua kule. Hapo mwambieni kwamba halmashauri nyingi hutegemea pia fedha kutoka serikali kuu, na hata hizo asili yake ni kodi ya watu.

Baada ya hayo mpelekeni ofisi ya kijiji au ya mtaa, mkatazame ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yapasa kuwekwa wazi mbele ya wananchi. Kama tangazo lipo, lisomeni pamoja. Kama halipo, mtoto akusikie wewe mzazi ukiuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee, taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa wapi?" Somo hilo la nusu dakika halipatikani katika kitabu chochote. Na siku ya mkutano wa hadhara, nendeni naye. Hapigi kura, lakini na akae kando asikilize, aone ya kuwa baba na mama huinua mkono na kusema bila kutetemeka.

Baraza la nyumbani

Mchezo mmoja twaupendekeza kwa kila jamaa, mara moja kwa mwezi. Watoto wa nyumba moja, au pamoja na wa jirani, wamchague mwenyekiti wao kwa kura za siri. Wawe na jambo moja la kweli la kuamua: mathalani, zamu za kuteka maji na kuosha vyombo. Kila mmoja aseme mara moja kabla ya mwingine kusema mara ya pili. Mdogo kuliko wote aanze. Mmoja aandike yaliyokubaliwa. Mzazi awe mkurugenzi, yaani atekeleze walilokubaliana, na juma lifuatalo asimame mbele yao kutoa taarifa.

Twawaonya wazazi juu ya jambo moja. Msiwape watoto neno la kuamua ambalo hamko tayari kulitimiza. Mtoto akiamua na mzazi akapuuza, atajifunza ya kwamba vikao ni maigizo, na imani hiyo ataibeba mpaka kwenye mkutano wa kijiji.

Maswali magumu

Yako maswali yatakayomtoa mzazi jasho. Mama, kwa nini kwenye karatasi ya kura palikuwa na jina moja tu? Baba, kwa nini watu waliogopa kutoka siku ya uchaguzi? Msiwanyamazishe. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024 vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa, na wasimamizi wakajibu ya kwamba kanuni zilifuatwa. Na siku ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, ambayo ndiyo pia ya kuwachagua madiwani, iligeuka kuwa siku ya ghasia na misiba. Watoto waliyaona au waliyasikia.

Hatuandiki haya ili kumtetea au kumshambulia mtu wa chama chochote. Twasema tu ya kwamba mtoto aambiwe kweli kwa kiasi cha umri wake: kwamba utaratibu mzuri umeandikwa, kwamba watu hawaufuati sikuzote, na kwamba dawa yake ni watu wengi zaidi kuujua na kuudai kwa amani. Mzazi asemaye "hayo hayatuhusu" amefunga mlango ambao mtoto wake atauhitaji. Na mzazi awatukanaye viongozi mbele ya watoto kila jioni, lakini hajapata kuhudhuria mkutano hata mmoja, amefundisha jambo baya zaidi: kwamba kulalamika ni kazi, na kwamba kazi hiyo yatosha.

Basi, wazazi wapenzi, mwezi huu chagueni somo moja tu kati ya haya: matembezi ya sokoni, au mikono miwili, au punje za maharage, au baraza la nyumbani. Mkilimaliza, shikeni la pili. Na kabla hamjaanza, mjue kwanza ninyi wenyewe jina la mwenyekiti wenu wa mtaa au kitongoji, jina la diwani wenu, na tarehe ya mkutano ujao. Mtoto atauliza.